Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Tume ya Biashara ya Shirikisho, Marekani: karatasi moja, kwa lugha ya anayeombwa fedha

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Mimi ni mkalimani. Kutwa nazunguka hospitali, shule na mahakama za hapa Ohio, natoa maneno kwenye Kiingereza nayatia kwenye Kiswahili, natoa kwenye Kiswahili nayatia kwenye Kiingereza, kwa ajili ya watu waliotoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya. Wengine walikaa kambini miaka 10, wengine 20, kabla ya kupanda ndege ya kuja huku. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi, na sababu yake utaikuta mbele.

Jumamosi moja jioni niliombwa nikafanye ukalimani kwenye ukumbi wa kanisa. Mgeni aliyekuja kuzungumza alikuwa mpole, amevaa vizuri, hana dharau hata chembe. Alileta makopo ya unga wa lishe, akakoroga, kila mtu akaonja. Kisha akafungua habari ya biashara yenyewe. Alisema wako wanaoingiza dola 6,000 kwa mwezi. Nikatafsiri. Alisema mtu akiwa na watu wa kutosha chini yake anaweza kuacha kazi ya zamu ya usiku na kukaa na wanawe. Nikatafsiri, na nilitafsiri vizuri. Hata ule utulivu aliouweka kabla ya kutaja kiasi cha fedha, nami niliuweka. Nyuma yake ukutani projekta ilikuwa ikipitisha picha za watu na magari yao, na chini ya kila picha kulikuwa na mstari mdogo wa Kiingereza uliosema kwamba matokeo haya si ya kawaida na kwamba wanachama walio wengi hawapati faida. Mstari ule ulikaa sekunde chache, ukapita. Yeye hakuusoma, kwa hiyo nami sikuutafsiri. Ndivyo tulivyofundishwa: mkalimani anafikisha kinachosemwa, haongezi wala hapunguzi.

Watu 11 walijiandikisha usiku ule. Mmoja wao ni mama wa makamo kutoka Kivu Kusini ambaye kanisani sote tunamwita Mama Mkubwa. Alikuwa anafanya kazi usiku kwenye ghala. Alinunua kifurushi cha kuanzia, akaandikishwa pia kununua mzigo kila mwezi ili abaki kwenye daraja lake, na mzigo ule ukawa unalipwa kwa kadi ya mkopo. Miezi 14 baadaye aliniita nyumbani. Makopo yalikuwa yamejaa chini ya kitanda na nyuma ya sofa, mengine tarehe zake zinaisha. Wateja wa nje hakupata. Aliowauzia ni mdogo wake na majirani wawili, na hao nao walikuwa wameingizwa wawe wauzaji. Aliniangalia akasema, "Mwanangu, si wewe ndiye uliyetuambia?" Hakusema kwa kunilaumu. Kiingereza cha yule bwana hakukisikia. Maneno yote yalimfikia kwa sauti yangu.

Kampuni ile siitaji hapa. Haya ninayoyaandika ni shauri la kanuni, na ofisi yako ndiyo inayotunga kanuni. Kampuni nitakayoitaja ni nyingine, ambayo habari zake zimo kwenye majalada yenu wenyewe na ambayo kwa miaka mitano dunia nzima ya fedha iliikodolea macho: Herbalife.

Najua unaifahamu kesi hiyo kuliko mimi. Lakini barua hii ni ya wazi, itasomwa na ndugu zangu wa Kiswahili ambao hawajasimuliwa, na wengi wao wataalikwa kwenye ukumbi kama ule kabla ya mwaka kwisha. Niruhusu niwaeleze.

Herbalife ilianzishwa Los Angeles mwaka 1980 na kijana mmoja, Mark Hughes, aliyeanza kwa kuuza bidhaa za kupunguza uzito kutoka kwenye buti la gari lake. Inauza unga wa kukoroga, chai na vidonge vya lishe, lakini haiuzi dukani. Inauza kupitia mawakala ambao hupata faida kwa mauzo yao na pia malipo kwa manunuzi ya watu waliowaingiza chini yao. Tangu 2004 hisa zake zinauzwa kwenye soko la New York. Ugomvi wote unaofuata ulizuka kwa sababu ya hisa hizo.

Desemba 2012, Bill Ackman, mwenye mfuko wa uwekezaji wa Pershing Square, alipanda jukwaani New York akazungumza zaidi ya saa tatu, akionyesha picha zaidi ya 300, kuthibitisha kwamba Herbalife ni biashara ya piramidi: kwamba fedha ndani yake hazitoki kwa wanywaji wa ule unga, zinatoka kwa wanaoingia wakitumaini kupata kama waliowatangulia. Kabla ya kusema hayo alikuwa ameshajiweka tayari. Alikopa hisa zaidi ya milioni 20 za watu wengine akaziuza, thamani yake zaidi ya dola bilioni 1, akitegemea kwamba bei ikianguka atazinunua tena kwa bei ya chee, awarudishie wenyewe, tofauti ibaki kwake. Alisema bei ya hisa hizo itafika sifuri. Alisema pia kwamba faida yake binafsi ataitoa sadaka. Katika siku chache hisa zilipoteza zaidi ya theluthi moja ya thamani.

Biashara ya kukopa hisa na kuziuza ina hatari moja ambayo nataka msomaji aishike. Anayenunua hisa kwa dola 40 hawezi kupoteza zaidi ya hizo 40. Aliyekopa na kuuza kwa 40, bei ikipanda ikawa 80, ikawa 100, hasara yake inapanda nayo, na kupanda kwa bei hakuna dari. Na siku moja lazima anunue, apende asipende, maana hisa si zake. Matajiri wengine waliliona hilo mara moja. Januari 2013 Dan Loeb, mwenye mfuko mwingine wa uwekezaji uitwao Third Point, alitangaza kwamba amenunua zaidi ya asilimia 8 ya Herbalife, na miezi michache baadaye alikuwa ameshauza na kuondoka na faida. Aliyekuja kukaa ni Carl Icahn, bilionea mwekezaji wa New York.

Icahn na Ackman walikuwa na lao tangu zamani. Mwaka 2003 Ackman, mfuko wake wa kwanza ukiwa matatani, alimuuzia Icahn hisa za kampuni ya majengo iitwayo Hallwood Realty kwa dola 80 kila moja, wakaandikiana kwamba Icahn akiziuza kwa faida ndani ya muda fulani watagawana. Mwaka uliofuata Hallwood ilinunuliwa kwa zaidi ya dola 130 kwa hisa. Icahn akakataa kugawana, Ackman akaenda mahakamani, na kesi ikaburutwa hadi 2011, Icahn alipolipa kama dola milioni 9. Kwa watu wa fedha nyingi kama wao kiasi hicho ni kidogo. Kinyongo ndicho kilichobaki.

Tarehe 25 Januari 2013, wote wawili wakiwa kwenye simu na kituo cha televisheni cha CNBC, walitukanana hewani karibu nusu saa nzima. Icahn, mzee wa miaka 76, alimfananisha mwenzake na mtoto mlizi wa uwanja wa shule. Madalali wa soko la hisa waliacha shughuli zao wakawa wanatazama na kushangilia. Wiki tatu baadaye Icahn akatangaza kwamba ana karibu asilimia 13 ya Herbalife. Hesabu yake haikuwa na siri: wakubwa wakinunua hisa na kuzishikilia, bei itapanda, na siku ya Ackman kurudisha alizokopa atanunua kwa bei watakayo wao. George Soros, bilionea mwingine, naye akaingia mwaka huo huo.

Nimezitazama picha za siku ile ya Januari mara nyingi. Katika mabishano yale yote, kilichobishaniwa ni nani mwongo kati ya wao wawili, nani alimdhulumu nani zamani, na hisa zitaelekea wapi. Mtu wa kwenye klabu ya lishe, yaani kijiduka cha wakala wa Herbalife, ya Queens au ya Mashariki ya Los Angeles, anayeamka alfajiri kukoroga unga awauzie majirani, alikuwa hoja tu mkononi mwa mmoja na kero tu mkononi mwa mwingine.

Sitaki kumwonea Ackman. Naamini aliyaamini aliyoyasema. Inasemekana alitumia dola milioni 50 kwa uchunguzi na kampeni, na Julai 2014 aliitisha mkutano mwingine kuhusu vilabu vile vya lishe, akazungumza mpaka akatokwa na machozi mbele ya watu. Siku hiyo hisa za Herbalife zilipanda karibu robo nzima. Soko lilimwona amechoka. Lakini pia, Machi 2014, gazeti la New York Times lilieleza kwa kirefu jinsi upande wake ulivyolipia vikundi vya kutetea haki za raia na kusukuma barua kwa wabunge ili serikali ichukue hatua. Wengi katika vilabu vile walikuwa wahamiaji wa Kilatino wanaozungumza Kihispania. Kilio chao kilikuwa cha kweli, ila kipaza sauti kilikodiwa na mtu ambaye kilio kikisikika atapata mabilioni. Ndiyo maana wengi walikipuuza, wakisema ni maneno ya Ackman. Herbalife yenyewe ilijibu hivyo hivyo miaka yote.

Wiki hiyo hiyo ya Machi 2014 ofisi yako ilianza uchunguzi wake. Tarehe 15 Julai 2016 matokeo yakatoka: Herbalife ilipe dola milioni 200 na ibadilishe biashara yake ndani ya Marekani.

Nimesoma mashtaka yenu ya siku ile, na nakushukuruni, kwa sababu hapo ndipo kwa mara ya kwanza mtu wa chini anaonekana. Mliandika kwamba zaidi ya nusu ya mawakala waliokuwa na cheo cha uongozi wa mauzo walipokea kutoka kwa kampuni, kwa wastani, chini ya dola 300 kwa mwaka mzima wa 2014. Mliandika kwamba wenye vilabu walitumia wastani wa dola 8,500 hivi kufungua klabu, na asilimia 57 walisema hawapati faida au wanapata hasara. Takwimu hizo za vilabu zilitoka kwenye utafiti wa Herbalife wenyewe! Kampuni ilikuwa nazo kabatini wakati mabilionea wanatukanana kwenye televisheni.

Neno "piramidi" hamkuliandika kwenye mashtaka. Mwenyekiti wa wakati ule, Edith Ramirez, alipoulizwa alisema haitakuwa sahihi kudai kwamba Herbalife imeonekana si piramidi, na akaishia hapo. Lakini masharti mliyoyaweka yalikuwa mazito. Angalau theluthi mbili ya malipo ya mawakala itokane na mauzo ya rejareja yaliyothibitishwa. Wakala asikodi pango la klabu kabla hajamaliza mwaka mmoja na kupata mafunzo ya biashara. Msimamizi wa nje akae humo miaka saba. Na kampuni isimdanganye mtu kwamba ataacha kazi yake. Sharti hilo la mwisho nililisoma mara mbili. Ndilo lile lile neno nililowatafsiria watu kanisani, na kwa kuwa msemaji hakuwa wa Herbalife, amri yenu haikumgusa.

Siku hiyo ya Julai hisa za Herbalife zilipanda tena. Icahn aliruhusiwa na kampuni kuongeza sehemu yake hadi karibu asilimia 35. Soko lilikuwa linaogopa kampuni itafungwa. Ilipoonekana haifungwi, dola milioni 200 zikawa habari njema. Februari 2018 Ackman akatoka kabisa, bei ikiwa zaidi ya maradufu ya ile ya siku aliyopanda jukwaani. Icahn alibaki akivuna. Faida yake imekadiriwa kama dola bilioni 1, na Januari 2021 kampuni ilinunua kutoka kwake hisa za dola milioni 600, wajumbe wake wakaondoka kwenye bodi.

Na wale watu? Januari 2017 ofisi yako ilituma hundi kwa karibu watu 350,000. Nyingi zilikuwa kati ya dola 100 na 500. Mwenye kubwa kuliko wote alipata kidogo zaidi ya dola 9,000. Sizibezi hundi hizo. Najua nyumba ambamo dola 300 ni kodi ya wiki na nusu. Lakini klabu moja iligharimu 8,500.

Wahenga wetu walisema wapiganapo tembo ziumiazo nyasi, na wengi walioandika kuhusu ugomvi huu waliuona hivyo. Mimi nauona tofauti kidogo. Nyasi hizi zilikuwa zimeshakanyagwa kabla tembo hawajafika, na walipoondoka ziliendelea kukanyagwa. Vita vya matajiri vilichofanya ni kuvuta watu waje kutazama, na walipokuja wakaiona ardhi. Hapo ndipo penye shida yangu, Mheshimiwa Mwenyekiti. Ilibidi apatikane tajiri mwenye dola bilioni ya kuhatarisha, na apatikane tajiri wa pili wa kumpinga, ndipo nchi ijue kwamba mwenye klabu hapati faida. Herbalife iko kwenye soko la hisa, kwa hiyo kulikuwa na cha kukopa na kuuza. Kampuni iliyokuja kanisani kwetu haiko sokoni. Haina hisa ambayo mtu wa New York anaweza kuipigia dau. Hakuna atakayetumia milioni 50 kuichunguza, kwa sababu hakuna atakayepata hata senti ikianguka. Mama Mkubwa hana Ackman wake, na wala hatampata.

Sasa nije kwenye ombi.

Ofisi yako ina kanuni inayohusu watu wanaouziwa fursa ya biashara. Ilianza kutumika kwa sura yake ya sasa tarehe 1 Machi 2012, miezi tisa tu kabla ya Ackman kupanda jukwaani. Mimi niliijua kwa bahati, katika kazi ya tafsiri ya maandishi niliyopewa, na nilipofika kifungu cha lugha nilisimama nikaenda kunywa maji. Kanuni hiyo inamtaka muuzaji ampe mnunuzi karatasi ya ukurasa mmoja, siku saba kabla ya kusaini au kulipa chochote. Ukurasa huo unasema muuzaji ni nani, kama amewahi kushtakiwa kwa udanganyifu, kama fedha zinarudishwa na kwa masharti gani, kama anadai kwamba mtu atapata kiasi fulani, na unatoa majina ya watu walionunua kabla ili mnunuzi akawaulize. Kisha inasema: ikiwa mauzo yanafanywa kwa lugha isiyo Kiingereza, karatasi itolewe kwa lugha hiyo hiyo.

Kwa lugha hiyo hiyo. Kama kanuni hii ingekuwa inawagusa wale waliokuja kwenye ukumbi wetu, wangelazimika kumpa Mama Mkubwa karatasi ya Kiswahili, na siku saba za kuisoma au kusomewa na mwanawe. Katika siku saba angempigia simu hata mmoja wa waliotangulia.

Haiwagusi. Mwaka 2006 ofisi yenu ilipopendekeza kanuni hiyo, ilikuwa imeandikwa kwa upana wa kuweza kuzibana kampuni za namna ya Herbalife. Yakaja maoni zaidi ya 17,000, mengi mno kutoka upande wa kampuni hizo na mawakala wao, na mwaka 2008 mkaipunguza upana ili zibaki nje. Sababu iliyotolewa ilikuwa mzigo wa gharama, na ugumu wa kuitumia karatasi hiyo kwa kampuni zenye miundo tofauti. Sisi hatukuwa na mtu katika 17,000 hao. Wengi wetu mwaka 2006 tulikuwa bado Kigoma na Kakuma.

Nasikia hoja ya mzigo, na siidharau. Wako wanawake kwenye jumuiya yetu wanaouza vyombo na vipodozi kwa njia hii bila kumdhulumu mtu, na hawana karani wa kuwajazia fomu. Lakini anayeandika karatasi ni kampuni, siye wakala. Kampuni inayojua kila kopo lilikokwenda na kila daraja la kila mtu inaweza kuchapa ukurasa mmoja. Kampuni inayoweza kumtafuta mkalimani wa kuuza inaweza kumlipa mkalimani wa kuonya.

Tena, tangu mwaka 2021 jambo hili limekuwa kubwa kuliko karatasi. Aprili mwaka huo Mahakama ya Juu, kwa sauti moja, katika kesi ya AMG Capital, ilisema kifungu mlichokuwa mnakitumia kurudishia watu fedha zao, kile cha 13(b) cha sheria ya Tume yenu, hakikupeni uwezo huo. Mwaka huo huo Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kuurudisha, lakini haukuwa sheria. Zile dola milioni 200 za Herbalife zilipatikana wakati njia hiyo ingali wazi. Iliyobaki ni njia ya kifungu cha 19 cha sheria hiyo hiyo, ambayo inawafungukieni kwa urahisi zaidi pale kampuni inapovunja kanuni iliyoandikwa. Kwa hiyo kampuni iliyo nje ya kanuni imekingwa mara mbili: halazimiki mtu kumwonya Mama Mkubwa kabla, na akishaumia ni vigumu kwenu kumrudishia baadaye.

Nafahamu kwamba hamjalala. Septemba 2024 watumishi wenu walitoa ripoti baada ya kupitia taarifa 70 za mapato zinazotolewa na kampuni za namna hii, wakaonyesha kwamba nyingi zinakuza wachache waliopata sana na kuficha gharama, na kwamba katika nyingi ya hizo watu walio wengi walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka, kabla hata ya kutoa gharama. Januari 2025 mlipendekeza kanuni mpya kuhusu madai ya mapato katika biashara hizi. Ombi langu ni kwamba pendekezo hilo lisilale kabatini, na likija kukamilika liwe na mambo mawili ambayo tayari mnayo kwenye kanuni ya 2012: siku saba, na lugha ya anayeombwa fedha.

Mtaniambia lugha ni nyingi. Ni kweli. Hapa Ohio peke yake nakutana kazini na wakalimani wa Kisomali, Kinepali, Kiarabu na Kinyarwanda. Lakini siiombi serikali itafsiri kila kitu kwa kila mtu. Naomba muuzaji aliyechagua kuuza kwa Kiswahili aonye kwa Kiswahili. Aliyechagua kuuza kwa Kisomali aonye kwa Kisomali. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua soko lake liko wapi.

Nilimsindikiza Mama Mkubwa mwezi uliopita tukajaza malalamiko kwenye tovuti yenu. Tulikaa mezani kwake kuanzia saa moja jioni, mimi nasoma, yeye anajibu. Kuna mahali panapouliza ulielezwa nini kuhusu mapato na nani aliyekueleza. Alinyamaza kwanza. Kisha akataja jina la yule bwana, akanigeukia akaniuliza kama ni lazima aandike kwamba kulikuwa na mkalimani. Nikamwambia aandike. Tukaandika.

Ukurasa huo mkiutunga, Mheshimiwa Mwenyekiti, tafsiri ya Kiswahili niko tayari kuifanya bila malipo, na ninao wenzangu wa Kinyarwanda na Kisomali walioniahidi hivyo hivyo. Jibu lako nitalipokea kwa lugha yoyote itakayokuwa rahisi kwenu. Nitalisoma kanisani Jumapili baada ya ibada, kwenye ukumbi ule ule, na safari hii nitasoma hadi maandishi madogo ya chini.

Wako kwa heshima,

Mkalimani wa Kiswahili na Kiingereza
Columbus, Ohio